Somo la Nne

Barua ya kumwita Kipini ilimkuta Katana akichemsha sindano. Aliposoma neno "mafunzo" alishusha pumzi, akaikunja barua na kuichomeka chini ya jiko la mafuta ya taa. Si kwamba alitaka iungue, ila kama ingeungua asingelia.

Miaka kumi na tisa alikuwa dresa wa Garsen, peke yake, na chumba kimoja cha dawa, na baraza moja, na mto uliomletea wagonjwa bila kumuuliza kama amepumzika. Alikuwa Mgiriama wa kusini, akaja kwa kazi, akakaa, mpaka mbu wa Tana wakamzoea kama jamaa. Mara tatu aliandika kuomba msaidizi, na mara zote tatu alijibiwa kwa kuitwa mafunzoni. "Elimu haina mwisho," barua zilisema. Ni kweli haina mwisho, lakini mtu anao.

Na mafunzo yenyewe, jamani! Mwaka wa kwanza aliambiwa aliyeumwa na nyoka achanjwe na kupakwa ile dawa ya zambarau. Akachanja. Miaka ikapita, akaitwa kuambiwa asichanje sana. Aliyezama majini alifundishwa amlaze kifudifudi na kumkalia mgongoni kama mpanda punda, naye akawafundisha wavushaji wa kivuko hivyo hivyo, wakazoea. Halafu akaitwa tena: hapana, sasa piga magoti kichwani pake, msukume mgongo, mwinue viwiko. Katana hakuwa mtu wa kukataa kufundishwa. Alijua anayefundisha leo naye bado anajifunza. Kilichomchosha ni kwamba kila alichokifuta kichwani mwake ilimbidi akakifute pia katika vichwa vya wengine, na vichwa vya watu wa Garsen ni vigumu kuandikwa na vigumu zaidi kufutwa.

Safari hiyo ya mwaka wa hamsini na saba jambo lilikuwa kubwa zaidi. Kila dresa alitakiwa ajifunze masomo sita ya msaada wa kwanza, arudi kwake, achague watu sita wa mahali pasipofikika wakati wa mafuriko, awafundishe, halafu Bwana Daktari wa wilaya aje kuwatahini. Atakayefaulu atapewa cheti na sanduku la bati lenye bandeji. Lilikuwa jambo jema, na Katana mwenyewe alilisifu, kwa sauti, akiwa peke yake chumbani. Kila gharika alipokea maiti za watu ambao wangepona kama ng'ambo ya pili angekuwepo mtu mmoja tu anayejua kuzuia damu.

Basi akaenda. Siku mbili za mtumbwi, kupita Golbanti, jua la utosini, na kabla ya hapo wiki nzima ya watoto wa kuhara ambapo hakupata hata nafasi ya kuvua viatu. Alifika Kipini macho mekundu kama ya mla pilipili.

Bwana Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye haraka, si mtu mbaya. Siku ya kwanza Katana aliandika kila neno. Siku ya pili, baada ya wali na samaki, wakaingia somo la nne: kuzuia damu. Darasa lilikuwa ghala kuukuu lenye dirisha moja, na upepo wa bahari ulikuwa umekwenda zake. Daktari akachora mguu ubaoni. Kwanza bana jeraha kwa kiganja, akasema, mara nyingi hiyo yatosha. Damu ikikataa, funga kitambaa juu ya jeraha, tia kijiti, zungusha. Katana akaandika "zungusha", akaandika "kaza", akaandika "kisha", na hapo penseli ikaenda safari yake yenyewe mpaka ukingoni mwa karatasi.

Alilala macho wazi, kama walalavyo askari na wauguzi. Hakukoroma, hakuinamisha kichwa. Alizinduka kusikia "...na kila dakika ishirini legeza kidogo, mguu usife," akaliandika hilo chini ya ule mstari uliopinda. Daktari akageuka, akauliza kama kuna mwenye swali.

"Hakuna, Bwana Daktari," wakasema wote, na Katana akasema nao.

Kando yake aliketi Mahadi, dresa wa Kipini, mzaliwa wa papo hapo, ambaye Katana ndiye aliyemfundisha kushika sindano miaka ile ya vita. Kumuuliza lilikuwa jambo la nusu dakika. Mahadi, amesema nini hapa? Basi. Lakini mwalimu amuulize mwanafunzi wake juu ya alichokisinzia? Aibu ya mtu mzima ni mzigo mzito, na Katana siku ile hakuwa na nguvu za kubeba hata kofia yake. Alijiambia atauliza wakati wa chai. Chai ilipokuja aliinywa akiwa usingizini.

Aliporudi Garsen aliwakusanya watu wake sita barazani. Wa kuwajua ni wawili. Kadii alikuwa mkulima, Mgiriama mwenzake, mwenye shamba la mpunga upande wa Golbanti na kicheko cha kufukuza ndege shambani. Huka alikuwa mfugaji Muorma, rika la Katana, na boma lake lilikuwa ng'ambo ya mto, juu kidogo, njia ya kuelekea Wenje. Huka alisifika kwa jambo moja: kumtoa ng'ombe damu. Zamani wazee wao waliinywa. Sasa wameshika dini, hawainywi, lakini ng'ombe aliyevimba kwa ugonjwa bado hutolewa damu apone, na watu walitembea siku mbili kumfuata Huka kwa kazi hiyo.

Siku ya somo la nne Katana alikuwa ameshatibu watu arobaini tangu asubuhi, na wengine walikuwa bado wamepanga foleni nyuma yake. Alisoma daftarini. Alipofika kwenye ule mstari uliopinda, macho yake yaliuruka kama mtu anavyoruka shimo analolijua njiani, yakatua kwenye dakika ishirini. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na saa, Huka akatoa tasbihi yake, wakapima kwa saa ya Katana: kuizunguka mara kumi, bila haraka, ni dakika ishirini. Katana alilipenda hilo. Akamfunga Kadii mguu kwa kitambaa, akazungusha kijiti, akasema ndivyo hivyo.

Huka akainua fimbo kidogo kuomba nafasi.

"Bwana Dresa, mimi nauliza. Hii kamba, wewe nafunga ili damu isimame?"

"Ndiyo."

"Ajabu. Sisi nafunga ili damu ije."

Wengine wakageuka kumtazama. Huka akajishika shingo.

"Ng'ombe, mimi nafunga kamba hapa. Mshipa nasimama, nakuwa mkubwa. Napiga mshale, damu nakuja, nakuja sana. Halafu mimi nafungua kamba, damu nasimama. Ukifungua ndiyo nasimama, Bwana Dresa. Si ukifunga."

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa pale barazani kwa miaka kumi na tisa. Katana angekuwa amelala vizuri siku mbili tu, angelisikia. Lakini foleni ilikuwa inakohoa, kuna mtoto alikuwa analia bila kituo, na yalibaki masomo mawili.

"Bwana Huka," akasema, "mtu si ng'ombe."

Kicheko cha Kadii kiliruka mpaka kivukoni, na wenzake wakakifuata. Huka naye akacheka, kwa adabu, akitazama chini. Akangoja wanyamaze.

"Sawa. Na kukaza, nakaza kiasi gani?"

"Mpaka itoshe."

"Mimi najuaje kama natosha?"

"Utaona mwenyewe," Katana akasema, akafungua ukurasa wa somo la tano.

Mwezi wa nne Bwana Daktari akaja kwa gari, naye alitaka kuondoka kabla mvua haijafunga barabara. Aliwatahini wote sita kwa saa moja na nusu. Huka alipewa mguu wa Dida, mvushaji wa kivuko, mguu mzima usio na hata mkwaruzo. Akaweka kitambaa mahali pake, akatia kijiti, akazungusha mara mbili, mpaka mishipa ya Dida ikasimama chini ya ngozi. Hapo akaacha. Mkono wake ulikuwa unajua kiasi kimoja tu cha kukaza, na kiasi hicho kilikuwa kimefika. Dakika ishirini akazisema bila kukosea, akaonyesha na tasbihi. Daktari akaitikia kwa kichwa, akatia alama. Hakuna aliyeugusa mguu wa Dida chini ya kile kitambaa. Daktari alikuwa anatazama mawingu, na Katana alikuwa anamtazama Daktari.

Wakafaulu wote. Batula, mke wa Huka, alikuwa amevuka mto kuja kuona, na kibuyu cha maziwa cha kumpa Katana. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno yake. Alilichukua lile sanduku la bati, akaligeuza huku na huku, akaligonga kwa kidole.

"Hii napata kutu," akasema. "Mimi nashonea nguo ya ngozi." Kisha akamgeukia Katana. "Bwana Dresa, sasa mume yangu ni daktari. Ng'ombe yeye, watu yeye. Mimi nikiugua, nakaa upande gani? Wa ng'ombe?"

"Wa ng'ombe ndio bora, mama," Katana akajibu. "Hao ndio anaowapenda zaidi."

Wakacheka wote watatu, Huka zaidi yao. Ilikuwa siku njema. Kesho yake Katana alilala mchana mzima, mara ya kwanza mwaka ule.

Mto ulipanda katikati ya mwezi wa tano. Barabara ikazama, kivuko kikasimama, mashamba ya mahindi yakageuka ziwa. Siku ya tisa ya gharika, alasiri, Dida alikuja mbio barazani kusema kuna mtumbwi unashuka, na ndani yake mtu amelala.

Huka alikuwa amepiga magoti katikati ya mtumbwi, na lile sanduku kando yake, limevaa ngozi mpya yenye shanga. Mpiga kafi, Mpokomo mmoja, alikuwa anauelekeza ukingoni. Batula alikuwa amelala chini, shuka limelowa, na maji yaliyotuama mtumbwini yalikuwa mekundu. Katana aliuona mguu kwanza. Juu ya goti palikuwa na kitambaa, na kijiti, na mizunguko miwili, barabara kabisa, kama siku ya mtihani. Chini yake mguu ulikuwa umevimba, umeiva rangi ya zambarau, mishipa imesimama yote. Jeraha lenyewe, la pembe ya ng'ombe, lilikuwa kwenye shavu la mguu, si kubwa, na lilikuwa linatoa damu polepole bila kukoma.

Katana alikata kitambaa kwa mkasi, akalibana jeraha kwa kiganja. Damu ikakoma. Ikakoma pale pale, bila ubishi. Lakini haikuwa imebaki nyingi ya kutoka. Midomo ya Batula ilikuwa rangi ya jivu. Alifumbua macho, akasema maneno mawili matatu ya Kiorma, akafumba, na kabla hawajamfikisha barazani alikuwa amekata roho.

"Amesema nini?" Katana akauliza, kwa kuwa hakujua aseme nini yeye.

"Nauliza kama ile ng'ombe nakamatwa," Huka akasema.

Somo la sita lilikuwa namna ya kutoa taarifa kwa dresa: saa ngapi, nini kimetokea, umefanya nini. Huka akasimama wima kando ya mkewe, akaitoa kama alivyofundishwa.

"Saa mbili asubuhi. Ng'ombe naogopa maji, naruka, pembe naingia mguu. Mimi nabana kwa mkono, kama wewe nasema. Damu napungua. Lakini mtumbwi naingia maji, lazima mimi nateka maji, mkono hakuna. Nikafunga kamba. Damu nakuja sana. Nikasema, ngoja, labda hii ndiyo njia yake. Tasbihi mara kumi, nafungua. Damu nasimama. Nikafunga tena. Nakuja tena. Kila nikifungua, nasimama. Kila nikifunga, nakuja. Mpaka hapa. Batula nasema, Huka, toa hii kamba. Mimi nasema, nyamaza, mimi nafundishwa. Mtu si ng'ombe."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyowaambia watoto. Huka alikuwa amelisikia la mkuu, saa nzima baada ya saa nzima, na tasbihi mkononi.

Akauinua mkono wake wa kulia, akautazama. "Huu mkono nazoea ng'ombe tu," akasema. "Mimi nafunga vibaya. Mimi ndiye nafanya."

Na Katana, Mungu amsamehe, hakumjibu kitu. Alihisi kuna mahali pamekosewa lakini hakujua ni wapi, na uchovu ulimkalia mabegani, akaona bora anyamaze. Walimzika Batula kabla ya magharibi, upande huu wa mto, kwa sababu maji hayakuruhusu kumrudisha kwao.

Katana aliandika taarifa. Wiki tatu baadaye, maji yalipopungua, jibu lilikuja na Mahadi, aliyepanda mto kuleta dawa za homa. Lilikuwa la mistari minne. Msaidizi Huka hakukaza kama alivyofundishwa. Jina lake lifutwe. Cheti na sanduku virudishwe. Dresa akumbushwe kuchagua watu wenye akili.

Katana aliisoma mara mbili. Halafu akalitoa daftari lake, akalifungua kwenye somo la nne, akaliweka magotini mwa Mahadi.

"Nataka kukuuliza jambo la aibu."

"Niulize, mwalimu wangu."

"Hapa. Baada ya kukaza, kabla ya dakika ishirini. Alisema nini?"

Mahadi akautazama ule mstari uliopinda. Watu wa Kipini wana upole wa kusema, na hata jambo gumu hulifunga katika kitambaa kizuri kwanza.

"Nalikuona siku ile," akasema. "Ulikuwa umefumbua mato, lakini hukuwapo. Nikaona haya kukuamsha, mtu mzima kama wewe, mbele ya Mzungu."

"Mahadi. Alisema nini?"

Mahadi akainama, akagusa juu ya mguu wake mwenyewe, kati ya vidole na kifundo. "Kisha papasa hapa. Ukisikia mshipa wapiga, bado hukukaza. Na ukiuwata vivyo, ukauacha wapiga, damu itatoka kuliko kwanza. Ni kheri usifunge kabisa. Kaza hata unyamae."

Katana alimkasirikia Daktari kwa haraka yake, akalikasirikia ghala lile na dirisha lake moja, akawakasirikia wote waliopokea barua zake tatu za kuomba msaidizi. Hasira hizo zote zilikuwa za haki, na zote zilimchosha, na zilipokwisha alibaki yeye na daftari. Huka aliliuliza hasa neno lile. Aliliuliza mara mbili, mbele ya watu, na jibu lake lilikuwa kicheko.

Ingeweza kuishia hapo. Mambo mengi huishia hapo. Huka mwenyewe alikwisha kujihukumu, Daktari alikwisha kumhukumu, na Mahadi si mtu wa kupeleka maneno. Katana alibakiza miaka miwili apumzishwe kwa heshima, na heshima ndicho kitu pekee alichokuwa akikingoja. Aliuzungusha ule moyo wake huku na huku, akitafuta mahali pa kuuegemeza, asipate.

Akaigeuza barua ya Daktari, akaandika nyuma yake kwa wino: Msaidizi alifanya kila alichofundishwa. Hakufundishwa lote. Kosa ni la dresa wa Garsen, aliyelala darasani. Akatia sahihi, akampa Mahadi.

"Watakufukuza," Mahadi akasema.

"Basi nitalala," Katana akajibu.

Kesho yake asubuhi Dida akamvusha, akatembea saa nne matopeni mpaka bomani kwa Huka. Ng'ombe walikuwa malishoni. Huka alipomwona aliingia ndani bila salamu, akatoka na sanduku na cheti kilichokunjwa, akaviweka chini mbele yake. Ile nguo ya ngozi haikuwa imevuliwa. Shanga zake zilikuwa safi, zimefutwa tope moja moja.

"Najua wewe nakuja kuchukua," akasema. "Chukua. Hii nguo naomba nibaki nayo."

"Kaa, Huka. Nimekuja kutoa taarifa."

Huka hakukaa. Katana naye akabaki amesimama, mikono imenyooka, kama alivyokuwa akiwafundisha wao.

"Saa nane mchana, Kipini. Somo la nne. Nilikuwa nimechoka, nikalala macho wazi, neno moja likanipita. Sikumuuliza mtu, kwa kuona aibu. Nikaja nikakufundisha somo lenye tundu. Ukaniuliza utajuaje kama imetosha, nikakwambia utaona mwenyewe. Ukaniambia habari ya kamba ya ng'ombe, nikakucheka. Kamba ikikazwa nusu, inafanya ulivyosema wewe. Mkono wako haukukosea, Huka. Mimi ndiye niliyemuua mkeo."

Ndama mmoja alikuwa analia ndani ya zizi.

"Wewe nalala," Huka akasema.

"Nililala."

"Na mimi naona. Kwa macho yangu mimi naona! Damu mimi najua toka mtoto. Nikaambia macho, nyamaza, Bwana Dresa najua." Akainua fimbo. Katana alidhani atapigwa, na hakusogea. Kusema kweli alitamani apigwe, maana hilo lingekuwa na mwisho wake.

Huka akaitupa fimbo. Akakaa chini mchangani, akalifungua sanduku mwenyewe, akatoa kitambaa na kijiti, akanyoosha mguu.

"Funga," akasema. "Fundisha yote sasa. Mpaka mwisho."

Katana akapiga magoti. Akafunga juu ya goti, akazungusha mara mbili, mishipa ikasimama. Halafu akakichukua kidole cha Huka, akakiweka juu ya mguu, mahali pale Mahadi alipomwonyesha.

"Papasa hapa. Polepole."

Huka akapapasa. Ilimchukua muda, kisha uso wake ukabadilika.

"Napiga," akasema.

"Basi bado. Kaza."

Akazungusha kijiti yeye mwenyewe. "Bado napiga." Akazungusha tena, akiuma meno. "Napiga kidogo." Akazungusha tena, jasho likimtoka, akasikiliza kwa kile kidole, ameinamisha kichwa.

"Nanyamaza," akasema.

"Hiyo ndiyo imetosha."

Maneno matatu tu. Yangeweza kusemwa barazani, mwezi wa tatu, na foleni ikikohoa. Huka alianza kulia bila sauti, na kidole chake hakukiondoa. Katana akamwambia sasa inatosha, legeza, usijiumize bure. Huka akatikisa kichwa. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshatoa tasbihi na anahesabu.

Alihesabu mizunguko yote kumi, hakuruka hata punje moja. Katana alikaa mbele yake mchangani, jua la saa nane likimwangukia kisogoni, na hakusinzia.